Boksi la Shule Lina Kumi

Wanangu mnaoingia darasani mwaka huu na chaki mpya mkononi, nawauliza kwanza swali dogo. Mia nne na tatu, sifuri iko wapi? Itamkeni polepole. Mia nne. Na tatu. Mmeisikia? Hamkuisikia kwa sababu haisemwi. Kiswahili chetu kinaipita kimyakimya, halafu sisi walimu tunakwenda ubaoni tunaiandika katikati, tunataka mtoto wa miaka tisa aelewe kwamba pale pasiposemwa kitu ndipo penye kazi yote.

Mimi ni Mwalimu Mwanaidi wa Magomeni. Nimefundisha hesabu za darasa la tatu miaka ishirini na sita, mingi yake katika shule moja ya Kariakoo ambayo ukuta wake wa nyuma unapakana na maduka ya vyombo. Nilistaafu mwaka juzi. Magoti yamegoma, mdomo bado mzima. Na nasema bila haya: kutoa penye sifuri nilikuwa nakuweza. Wenzangu wakifika ukurasa ule waliumwa kichwa, wengine waliomba ruhusa ya kwenda kliniki. Mimi nilikuwa nakunja mikono ya gauni naingia. Kwa hiyo nitajisifu leo, mtanivumilia, lakini nitawaeleza pia jinsi nilivyoboronga nikiwa katikati ya kujisifu, na jinsi mtoto mmoja alivyokaribia kuadhibiwa kwa kosa langu.

Mwalimu wa hesabu anaishi kwa makosa ya watoto, basi tuanze na makosa. Andikeni 403 toa 168. Jibu ni 235. Wape watoto themanini hesabu hiyo uone utakachovuna. Yupo atakayeleta 365. Huyo haogopi kitu: akiona tatu juu na nane chini, anageuza, anatoa tatu kwenye nane, maisha yanaendelea. Yupo wa 205. Huyo ameruka sifuri akaenda moja kwa moja kwenye mamia, akachukua moja akaileta kwenye mamoja, kisha akairudia sifuri akaiambia wewe huna kitu, kwa hiyo hutoi kitu. Na yupo anayegeuza kila sifuri kuwa tisa, hata ile ya mwisho kabisa, kwa sababu dada yake alimwambia nyumbani kwamba sifuri hugeuka tisa. Dada amesema, mwalimu utabisha nini?

Aliyenipokea kazini ni Mwalimu Kibena, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliyefundisha mpaka akapata wajukuu wa wanafunzi wake wa kwanza. Siku moja alinikuta nimerundika madaftari nasahihisha mbio mbio. Akanishika mkono wenye kalamu.

"Mwanaidi, usimwekee mtoto kosa mpaka na wewe umekosea kama yeye."

"Nikosee vipi tena, mwalimu?"

"Chukua hesabu yake, tafuta njia aliyopita mpaka ulipate jibu lake hilohilo bovu. Ukilipata, umejua anachofikiri. Usipolipata, hujui kitu. Weka kalamu chini umuite."

Mwaka wa kwanza niliona ananichosha tu. Mwaka wa pili nikaanza kuonja utamu wake. Ilifika mahali mtoto ananiletea daftari, naangalia jibu, namwambia "wewe umeruka sifuri" kabla hajafika mezani. Watoto walidhani nina majini, na sikuwakatalia.

Sasa njooni kwenye maneno. Vitabu vyetu vilisema kukopa. Nane haitoki kwenye tatu, kakope kwa jirani. Haya, mfundishe mtoto wa Kariakoo kukopa, uone. Nilikuwa na kijana mmoja, wazazi wake watu wa Kilimanjaro wenye duka la jumla la misumari, aliyeinua mkono kwa heshima zote akaniuliza, "Mwalimu, na anarudisha lini?" Nikamwambia harudishi. Hakuridhika. Akimaliza kila hesabu alikuwa anairudisha ile moja palepale alipoichukua, na majibu yake yote yalizidi. Kwao hakukuwa na mkopo wa namna hiyo, na kusema kweli kwetu pia haupo.

Basi nikalitupa neno kukopa, nikaleta kufungua. Nilijiambia, hapa tulipo kila kitu huja ndani ya kitu kingine. Mia ni katoni. Kumi ni boksi. Moja ni chombo chenyewe. Umeishiwa vyombo? Fungua boksi. Maboksi hayapo? Hapo ndipo sifuri ilipo: rafu tupu. Nenda kwenye katoni, fungua, panga maboksi yake kwenye rafu, kisha chukua boksi moja ulifungue. Nilichora rafu ubaoni kwa chaki ya rangi. Watoto walishangilia. Tulitunga na wimbo, "Fungua katoni, fungua boksi," tukauimba mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia dirishani. Mwalimu Mkuu akaniita kikaoni niwaeleze wenzangu mbinu yangu. Wiki ile nilitembea kichwa juu, ungedhani nimeolewa upya.

Mmeona nilichosahau? Kama hamjaona msijilaumu, hata kikao kizima cha walimu hakikuona. Sikusema boksi lina ngapi. Kwangu ilikuwa wazi kwamba ni kumi, na watoto wengi walikuwa wamefunga vijiti kumikumi tangu darasa la kwanza, kwa hiyo na wao walichukulia kumi.

Nasra hakuchukulia hivyo.

Nasra alikaa dawati la tatu upande wa dirishani, ushungi mweupe kila siku, mtoto mwenye majibu ya haraka. Baba yake, Mzee Salim, ni Mwarabu mzaliwa wa hapahapa Kariakoo, anauza vyombo kwa jumla: sahani, mabirika, na zile finjani ndogo za kahawa. Hesabu za kutoa za kawaida Nasra alizipata zote. Darasa la pili walimzoesha kuandika moja kando ya tarakimu, tatu ikawa kumi na tatu, basi kwisha. Ikitokea sifuri katikati, anaanguka. Na haanguki kama wenzake. Katika 403 toa 168 aliniletea 257.

Nilijaribu kukosea kama yeye. Nikageuza, nikaruka, nikajaza tisa, sikuipata 257. Nikajaribu tena, sikuipata. Madaftari mengine themanini na zaidi yalikuwa yananisubiri na nilitaka kuwahi basi la mwendokasi pale Gerezani kabla watu hawajajaa. Nikaweka kosa jekundu nikaendelea. Sauti ya Mwalimu Kibena niliisikia kabisa, nikaipuuza.

Siku iliyofuata nilifanya baya zaidi. Nilimwita ubaoni atoe 151 kwenye 300. Akakata tatu akaandika mbili, akafungua, akapanga, mkono wake haukusita hata kidogo. Kisha akaandika jibu: 1, halafu 6, halafu 11. Ubaoni ikasomeka 1611.

"Nasra," nikamwambia, "una mia tatu, umetoa, umebaki na elfu moja mia sita na kumi na moja? Hebu njoo unitolee na mimi nyumbani, nipate kuongezeka!"

Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka, tena ndiye niliyeanza. Nasra hakulia. Alifuta ile kumi na moja kwa kiganja, akaitazama nafasi iliyobaki, akaiandika tena ileile kumi na moja kwa maandishi madogo zaidi, ibanane chini ya mstari wake. Alidhani tunacheka mwandiko. Nikamwambia akae. Tangu siku ile hakunyoosha mkono tena kwenye kipindi changu, na mimi nikahesabu kwamba mtoto amekuwa mvivu.

Mwezi wa kumi na moja Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba wasiomudu hesabu za darasa la tatu watarudia darasa, na majina ayapate mpaka Ijumaa. Niliandika majina sita. La nne lilikuwa la Nasra.

Sijui watoto wanapata wapi habari za ofisini. Jumatano saa ya mapumziko alinifuata chini ya ngazi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Mwalimu, nikirudia, Rahma atanikuta."

Rahma ni mdogo wake, alikuwa darasa la pili. Nikamwambia mtu kukutana na mdogo wake si msiba.

"Atakaa darasa langu, mwalimu. Na ana mwili kunizidi. Watu watasema sisi mapacha, na mimi ndiye nisiyejua." Alisema hayo akiangalia viatu vyake. "Mwalimu, mimi nafungua. Nafungua kama ulivyosema."

Ningekuwa na akili siku ile, ningemuuliza anafungua nini. Nilimwambia tu kwamba kesho nitakwenda kuzungumza na baba yake.

Kabla sijafika dukani, acheni niwape kitu cha mfukoni, nisije nikasahau. Ukiona juu kuna sifuri mbili, kwa mfano 400 toa 168, waonyeshe watoto wakubwa kidogo kwamba wanaweza kupunguza moja juu na moja chini kabla ya kuanza. Inakuwa 399 toa 167. Hakuna cha kufungua wala cha kupanga, unatoa kwa kushuka tu: 232. Pengo kati ya namba mbili halibadiliki zikirudi nyuma pamoja. Lakini usiwape wadogo njia hii kabla hawajaelewa kufungua, watakariri tu na siku wakisahau hawatakuwa na pa kushika. Simu haihusiki hapa. Simu inajua jibu, haijui mtoto amepotelea wapi.

Haya. Alhamisi baada ya masomo nilikwenda dukani kwa Mzee Salim na daftari la Nasra ndani ya mkoba, liwe ushahidi. Duka lenyewe jembamba, limejaa mpaka juu, njia ya kupita ni ya mtu mmoja kwa ubavu. Nilikaribishwa kiti, nikaletewa kahawa na kashata. Baba yake alikuwa na mteja, mama mmoja wa Morogoro anayechukua vyombo kwa ajili ya duka lake huko. Nasra alikuwa ameshavua sare, amesimama karibu na rafu ya finjani.

"Nasra, tulikuwa na katoni tano za finjani," baba yake akasema. "Mama anachukua katoni mbili na maboksi manne. Zinabaki ngapi?"

"Katoni mbili, maboksi manane," akajibu, wala hakugeuka.

Mwalimu ni mwalimu tu, hata akiwa mgeni. Mimi nilishapiga kichwani: mia tano toa mia mbili na arobaini, mbili, sita.

"Sita!" nikasema kwa sauti ya darasani.

Wote watatu wakanigeukia. Yule mama wa Morogoro akaweka mkoba wake chini.

"Mama, mbona unataka kunipunja? Jumatatu narudi kuchukua zote zilizobaki. Maboksi yangu mawili unampa nani?"

"Katoni ina dazeni ya maboksi, mwalimu," Mzee Salim akasema kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni mahali pa kuvulia viatu. "Na boksi ni dazeni ya finjani. Kumi na mbili ndani ya kumi na mbili. Zote zinakuja hivyo."

Niliiweka finjani chini. Nikamuuliza Nasra, na sauti yangu haikuwa ile ya darasani.

"Nasra mama, ungekuwa na katoni tatu. Ukatoa katoni moja, maboksi matano na finjani moja. Ungebaki na nini?"

Alinitazama kwanza, maana aliikumbuka hesabu. Kisha akajibu taratibu, "Katoni moja. Maboksi sita. Finjani kumi na moja."

Moja, sita, kumi na moja. Ile 1611 yangu niliyoichekea mbele ya watoto themanini na saba.

Nilitoa daftari mkobani. Kulikuwa na hesabu sita za sifuri, na makosa sita mekundu ya mkono wangu. Nikaanza kuzifanya upya kwa kufungua dazeni. 403 toa 168: katoni ikafunguliwa, maboksi kumi na mawili rafuni, moja likachukuliwa yakabaki kumi na moja, finjani tatu zikawa kumi na tano. Kumi na tano toa nane, saba. Kumi na moja toa sita, tano. Tatu toa moja, mbili. 257. Ya pili ikatoka. Ya tatu ikatoka. Zote sita zilikuwa sahihi mpaka finjani ya mwisho. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa anatoa kwa dazeni, bila karatasi ya pembeni, katika safu nilizozichora mimi kwa ajili ya kumi, na mimi nilikuwa nampigia kosa. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona kazini. Na papo hapo nilifurahi mpaka nikataka kupiga kigelegele dukani kwa watu.

"Kwa hiyo mwalimu," baba yake akauliza, amechanganyikiwa, "binti yangu anajua au hajui?"

"Anajua kunizidi, baba Nasra. Mimi ndiye nilikuwa sijui." Nikamgeukia mwenyewe. "Nasra, nisamehe mama. Nilisema fungua boksi, sikusema lina ngapi. Boksi la shule lina kumi."

Akakunja uso. "Kumi? Mbili zimevunjika?"

Yule mama wa Morogoro alicheka mpaka akajishika kwenye rafu.

"Hazijavunjika. Shuleni wanapakia kumi."

"Na katoni?"

"Maboksi kumi."

Midomo ilikuwa inachezacheza. "Maboksi kumi, ya kumi kumi," akasema. Macho yakamtoka. "Mwalimu! Ndiyo maana inaitwa mia!"

Wanangu, miaka ishirini na sita nimesema mamoja, makumi, mamia, kila Jumatatu ya Mungu. Sikumbuki mtoto mwingine aliyeiona mia kwa macho yake namna ile. Alichukua kalamu yangu akazifanya zile sita upya, kwa boksi la kumi, kabla kahawa yangu haijapoa. Zote vema.

Mngedhani mambo yameisha. Ijumaa asubuhi nilimwendea Mwalimu Mkuu nikamwambia nafuta jina la nne. Yule bwana ni mtu wa haki, na mtu wa haki anaweza kukusumbua kuliko mwonevu.

"Madam, jina umeliandika kwa mkono wako. Jana ulionekana dukani kwa baba yake unakunywa kahawa. Leo unataka lifutwe. Wazazi wa wale watano wakiniuliza, niwajibu nini?"

Alisema kweli. Ningekuwa mzazi wa mmoja wa wale watano, ningeuliza hivyohivyo.

"Basi mpime wewe," nikasema. "Si mimi. Mbele ya walimu wote, saa ya chai."

Saa ya chai Nasra aliletwa chumba cha walimu. Tulikuwa kumi na mmoja, vikombe mkononi, chapati mezani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomzoea. Mwalimu Mkuu aliandika kwenye ubao mdogo wa matangazo: 702 toa 345. Nilijiambia, mtoto akitetemeka hapa, nimemuua mara ya pili.

Nasra alichukua chaki. Aliiangalia hesabu. Kisha akageuka.

"Ya shule au ya dukani, mwalimu?"

Mwalimu wa michezo aliacha kutafuna.

"Kuna ya dukani?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Ndiyo, mwalimu. Ya dukani boksi lina kumi na mbili."

"Fanya zote mbili."

Akafanya ya shule: 357. Akachora mstari, akafanya ya dukani, na safari hii aliandika majina juu ya safu. Katoni tatu, maboksi saba, finjani tisa. Akaweka chaki chini, akasimama mikono nyuma.

Ile ya kwanza Mwalimu Mkuu aliikubali papo hapo. Ya pili alitafuta karatasi. Alifungua, akapanga, akafuta, akaanza upya. Mwalimu wa michezo alitoa simu, akabonyeza, akairudisha mfukoni. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya meza. Chai yetu ilipoa, na mtoto alikuwa bado amesimama anatusubiri sisi watu wazima kumi na mmoja tumalize hesabu yake. Hatimaye Mwalimu Mkuu akainua kichwa.

"Tisa," akasema. "Ni tisa kweli."

Lakini hakuridhika, na nampenda kwa hilo. Akaandika 1000 toa 1, ambayo darasa la tatu tulikuwa hatujaigusa. "Ya shule," akasema.

Nasra aliziangalia zile sifuri tatu. "Mwalimu, kubwa kuliko katoni inaitwaje?"

"Kontena!" mwalimu wa michezo akadakia.

"Basi nafungua kontena, katoni kumi. Nafungua katoni moja, zinabaki tisa. Nafungua boksi moja, yanabaki tisa. Kumi toa moja, tisa." Akaandika 999. "Kontena limekwisha."

Mimi nilipiga kile kigelegele nilichokuwa nimekibana tangu jana. Nilikipiga chumba cha walimu, mbele ya Mwalimu Mkuu, nikaitikiwa na wanawake wenzangu wanne, na watoto wakakimbilia dirishani kuuliza nani ameposwa. Mwalimu Mkuu alifungua faili, akachukua rula, akalikata jina la nne kwa mstari mmoja ulionyooka. Kisha akaniambia wale watano waliobaki niwaite mmoja mmoja niwaulize boksi lao lina ngapi. Niliwaita. Wawili walikuwa na matatizo yao mengine, ya kweli, tukayafanyia kazi. Watatu walikuwa na habari zao za kusikitisha na kuchekesha ambazo sikuwahi kuziuliza, nao wakapanda darasa.

Kipindi cha mwisho siku hiyo niliandika ubaoni 300 toa 151. Juu ya safu nikaandika katoni, maboksi, finjani. Chini nikaandika 1, 6, 11, nikaweka alama ya vema kubwa kuliko zote nilizowahi kuweka.

"Nasra alipata," nikawaambia. "Niliyekosa ni mimi, na nilimcheka. Nasra, naomba radhi mbele ya wenzako."

Mtoto mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo sisi tulicheka bure?"

"Mlicheka bure, na mimi ndiye niliyewaongoza."

Nikauliza nani atakuja kuifanya kwa boksi la shule. Mikono ilikuwa mingi. Mmoja ulitokea dirishani, dawati la tatu, na nikautazama kidogo kabla ya kumwita.

Nimefundisha watoto wengi waliokwenda mbali. Wengine wananisalimia sokoni wakiwa na ndevu. Lakini mkiniuliza siku niliyojiona mwalimu, nitawatajia Jumatatu ya kwanza ya Januari iliyofuata. Nilisimama mlangoni mwa darasa la tatu kupokea wapya waliotoka la pili, kila mmoja na mkoba unaomzidi. Akaja Rahma, mkubwa wa mwili kweli, ushungi mweupe. Alikuwa peke yake. Alisimama mbele yangu, akaniamkia, nikaitikia, na kabla sijafungua mdomo kumwonyesha pa kukaa, akanyoosha kidole ghorofani na kutangaza kwa sauti ambayo foleni nzima ya nyuma yake iliisikia.

"Dada yangu yuko la nne."